Kaunti yetu imetangazwa eneo la maafa, mbona mimi sikulipwa?

Swali: Jambo mtaalamu. Mimi ni mama Mkongo, tulifika Marekani kama wakimbizi na sasa tuna kadi ya kijani. Tunaishi Iowa, katika kaunti ya vijijini. Nalima eka 3 za kukodi: lengalenga (mchicha), mbilingani, pilipili kali na mahindi meupe. Nauza sokoni siku za Jumamosi na kwa watu wa kanisa letu. Nina pia mbuzi 14 kwenye malisho ya kukodi. Msimu uliopita jua lilikausha kila kitu. Gazeti likaandika kwamba kaunti yetu imetangazwa eneo la maafa. Jirani yangu mwenye ng'ombe alipata hundi nzuri ya serikali, na kwenye intaneti nimeona orodha ya mashamba ya kaunti yetu yaliyolipwa mamilioni ya dola. Nilipoenda ofisini waliniambia siko kwenye programu, basi, nikarudi nyumbani. Je, ni kwa sababu sisi ni wageni? Na kuna kitu ninachoweza kupata sasa?

Jibu: Pole sana kwa shamba, mama. Nitaanza na mbuzi, ingawa umewataja kwa sentensi moja tu, kwa sababu upande huo una tarehe ya mwisho na huenda bado hujachelewa.

Kwa maelezo yako, jirani mwenye ng'ombe karibu hakika alilipwa kupitia programu iitwayo LFP, inayofidia malisho yaliyokauka. Programu hii haimuulizi mfugaji amepoteza nyasi kiasi gani. Inatazama ramani. Kila Alhamisi hutolewa ramani ya ukame ya Marekani nzima, kazi inayofanywa tangu 1999 na kituo cha utafiti wa ukame cha Chuo Kikuu cha Nebraska pale Lincoln, pamoja na Wizara ya Kilimo na NOAA, idara ya serikali inayosimamia hali ya hewa. Ngazi zake zinaanzia D0, ardhi inapoanza kukauka, hadi D4, ukame wa kutisha kabisa. Sehemu yoyote ya kaunti ikikaa kwenye D2 kwa muda uliowekwa katika msimu wa malisho, wafugaji wa kaunti nzima wanaruhusiwa kuomba. Kwa miaka mingi muda huo ulikuwa wiki 8 mfululizo. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 iliupunguza hadi wiki 4. Ukame ukifika D3, hata kwa muda mfupi, malipo yanakuwa ya miezi 3. Ukikaa D4 kwa wiki 4, yanakuwa ya miezi 5. Malipo ya mwezi mmoja ni asilimia 60 ya gharama ya kulisha mnyama kwa mwezi huo kama serikali inavyoikadiria, au ya uwezo wa malisho yenyewe, kutegemea kipi ni kidogo.

Rudi kwenye yale maneno "sehemu yoyote ya kaunti". Mstari wa D2 ukigusa kona moja ya kaskazini, mfugaji wa kona ya kusini ambaye nyasi zake zimepungua kidogo tu naye anaweza kuomba, na hajavunja sheria yoyote. Kwa hiyo usimwekee jirani yako kinyongo. Alijaza fomu zilizokuwepo.

Sasa, mbuzi wamo kwenye orodha ya LFP, sawa na ng'ombe, kondoo na farasi. Mbuzi mmoja huhesabiwa takriban kama robo ya ng'ombe mkubwa, kwa hiyo mbuzi wako 14 ni kama ng'ombe watatu na nusu. Fedha yake si kubwa, lakini inaweza kununua marobota ya nyasi za majira ya baridi. Masharti ni haya: wawe mbuzi wa biashara, yaani unawauza, si wa kufuga kwa kitoweo cha nyumbani tu, uwe ulikuwa nao ndani ya siku 60 kabla ya ukame huo kuanza, na malisho yawe mikononi mwako kwa mkataba unaoweza kuuonyesha. Kama uliyakodi kwa kupeana mkono tu, mwombe mwenye ardhi aandike na kutia saini karatasi inayosema ukweli ulivyokuwa: eka ngapi, kuanzia lini, kwa bei gani. Dirisha la maombi hufungwa mapema katika mwaka unaofuata ule wa hasara. Piga simu FSA, ofisi ya Wizara ya Kilimo inayohudumia kaunti yenu, kesho asubuhi, taja LFP kwa herufi zake tatu, uliza kama kaunti yenu ilifikia kiwango msimu uliopita na kama dirisha bado liko wazi. Usiulize "kuna msaada gani?" Swali la jumla hupewa jibu la jumla, na wewe umekwishalipata mara moja.

Nije kwenye gazeti. Kaunti ikitangazwa eneo la maafa na Waziri wa Kilimo, watu wengi, hata wazaliwa wa huko, wanaelewa kwamba fedha zimeshaanza kugawiwa. Sivyo. Tangazo hilo hutolewa pale ambapo angalau zao moja la kaunti limepoteza asilimia 30 ya mavuno, au pale ramani ya ukame inapokaa D2 kwa wiki 8 au kugusa D3, na linazihusu pia kaunti zote zinazopakana na ile iliyotajwa. Kikubwa linachofungua ni mkopo wa dharura wa serikali wenye riba nafuu, hadi dola 500,000, na muda wa kuuomba ni miezi 8 tangu tangazo. Ni mkopo, mama. Unarudishwa, na una dhamana. Kwa mtu wa eka 3 aliyepoteza mboga za msimu mmoja, nisingekushauri ujifunge deni hilo kabla hujamaliza milango mingine. Lakini ujue upo, na ujue kwamba neno "maafa" lililoandikwa gazetini na hundi aliyopata jirani yako vimetoka sehemu mbili tofauti kabisa.

Kuna mahali pa tatu, na hapo ndipo mamilioni uliyoyaona kwenye orodha yanapotoka kwa wingi. Mfano mzuri ni wa jimbo lenu wenyewe.

Agosti 10, 2020 Iowa ilipigwa na dhoruba ya upepo iliyosafiri kutoka South Dakota hadi Ohio kwa siku moja. Cedar Rapids upepo ulikadiriwa kufika kilomita 225 kwa saa. Mahindi yaliyokuwa yanakaribia kukomaa yalilala chini katika kaunti nyingi za katikati na mashariki mwa jimbo, maghala ya chuma yakakunjwa, na hasara yote, mijini na mashambani, ilikadiriwa kufika dola bilioni 11 hivi. Waliokuwa na bima ya mazao walilipwa na bima. Lakini bima ina sehemu isiyoigusa, na wakulima wakataka serikali iizibe. Bunge halikupitisha fedha hadi Septemba 30, 2021, lilipotenga dola bilioni 10 kwa maafa ya 2020 na 2021. Wizara ikaanza kutuma fomu Mei 2022. Hesabu mwenyewe: karibu miaka miwili tangu mahindi yalale. Kwa hiyo ukiona kwenye orodha kwamba shamba fulani lililipwa mwaka 2022, usidhani kuna maafa ya 2022 ambayo wewe hukusikia. Inawezekana kabisa ni upepo ule wa 2020.

Fomu za awamu ya kwanza zilifika zikiwa zimejazwa tayari. Wizara ilichukua takwimu zilizokuwa kwenye kumbukumbu za bima na za NAP, programu nitakayoieleza hapa chini, ikachapisha fomu, ikampelekea mkulima atie saini na kurudisha. Aliyekuwa kwenye kumbukumbu hizo alifanya kazi ya dakika chache. Ambaye hakuwemo alisubiri awamu ya pili iliyofunguliwa Januari 2023, akadaiwa kuthibitisha mapato ya miaka kadhaa kwa karatasi za kodi.

Mpangilio huo ulirudi tena. Desemba 21, 2024 ilisainiwa sheria iliyotenga karibu dola bilioni 21 kwa hasara za maafa ya 2023 na 2024. Julai 2025 walianza waliolipwa na bima au NAP, kwa fomu zilizojazwa tayari. Wengine walifunguliwa Novemba 2025. Programu hiyo inaitwa SDRP. Kama ulipata hasara pia katika miaka hiyo miwili, itaje kwa jina ofisini uulize kama bado wanapokea.

Unaona mwelekeo, mama. Uko nje kwa sababu fedha za maafa katika mashamba ya Marekani hazifuati hasara. Zinafuata karatasi zilizojazwa kabla ya hasara. Mkulima wa mahindi mwenye eka 2,000 ana wakala wa bima anayempigia simu kila Machi, ana namba ya shamba ofisini tangu enzi za babu yake, na serikali inamlipia zaidi ya nusu ya ada ya bima kwa wastani. Maafa yakija, mfumo mzima unamjua kwa jina. Malipo yenyewe hupimwa kwa eka na kwa idadi ya mifugo, kwa hiyo mwenye shamba kubwa hupata hundi kubwa. Vikomo vipo, kama dola 125,000 kwa mtu kwa mwaka katika LFP, lakini shamba la ubia lenye watu kadhaa linaweza kuhesabiwa vikomo kadhaa. Ninaamini hilo ni kosa la muundo. Anayelisha soko la Jumamosi kwa mikono yake ameumia kama mwingine, na akiba yake ni ndogo zaidi. Lakini muundo ndio huo, na unaweza kuingia ndani yake kabla ya jua lijalo.

Mlango wako wa mboga unaitwa NAP. Hii ni kinga ya mazao ambayo hayana bima ya kawaida katika kaunti yenu. Mahindi ya nafaka yana bima yake Iowa, kwa hiyo kwa mahindi yako meupe uliza mapema kama yanahesabiwa upande wa bima au upande wa NAP. Lakini lengalenga, mbilingani na pilipili ndizo hasa programu hii iliwekewa. Ada ni dola 325 kwa kila zao, na haizidi dola 825 kwa mkulima katika kaunti moja. Usiogope namba hiyo bado. Mkulima mpya, yaani asiyezidi miaka 10 katika kilimo, na mkulima wa kipato kidogo, husamehewa ada ya kinga ya msingi kwa kusaini fomu CCC-860. Huenda utasikia kwamba Julai 2025 Wizara ilitangaza haitatumia tena vigezo vya rangi na jinsia katika programu zake. Ni kweli, lakini upya wako na kipato chako ni vigezo vingine, omba kwa hivyo.

Nikupe hesabu ili usije ukatarajia zaidi ya kilichopo. Tuseme mbilingani zako kwa kawaida zinatoa pauni 5,000 kwenye eka moja. Kinga ya msingi inalinda nusu, pauni 2,500. Ukame ukapiga, ukavuna pauni 1,000. Unalipwa pengo la pauni 1,500. Tuseme bei ya wastani iliyowekwa ni senti 80 kwa pauni. Kinga ya msingi hulipa asilimia 55 ya bei hiyo, senti 44. Jumla dola 660. Ungevuna pauni 2,600, usingepata chochote, hata kama umepoteza karibu nusu ya shamba. Kinga ya juu zaidi inapatikana kwa kulipia: inapanda hadi asilimia 65 ya mavuno kwa bei kamili, na wakulima wapya hupunguziwa nusu ya malipo hayo. Kwa mtu anayeuza mbilingani na pilipili kwa pesa nzuri sokoni, ningekaa na kalamu nipige hesabu ya hiyo ya juu kabla ya kuikataa.

Tarehe ya kujiandikisha hupita kabla ya kupanda. Kwa mazao mengi ya majira ya joto katika majimbo kama lenu ni katikati ya Machi. Thibitisha kwa kila zao, kwa sababu tarehe si moja. Na kwa lengalenga nenda mapema zaidi, hata Januari. Ofisi inaweza kuwa haina bei wala mavuno ya wastani ya zao hilo, na kuyaweka kunapitia kamati ya jimbo. Wapelekee risiti zako za soko. Usikubali kuambiwa ni gugu. Waeleze kwamba ni mboga inayopandwa, inayochumwa na kuuzwa, na waonyeshe picha za matuta yako.

Baada ya kupanda, kuna ripoti ya eka kwenye fomu FSA-578: ulipanda nini, wapi, lini, eka ngapi. Kwa mazao mengi ya majira ya joto mwisho ni Julai 15. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu wamejiandikisha NAP wakadhani kazi imekwisha. Bila ripoti hiyo, siku ya hasara hakuna shamba la kuzungumzia.

Halafu kuna saa 72. Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu nimeona watu waliofanya kila kitu sawasawa wakaangukia mahali hapa. Kwa mazao mengi, ukipata hasara una siku 15 za kutoa taarifa. Lakini kwa mazao yanayochumwa kwa mkono, na yako karibu yote yanachumwa kwa mkono, una saa 72 tu tangu hasara ilipoonekana. Mvua ya mawe ikipiga Ijumaa jioni, usingoje ibada ya Jumapili ipite na soko lijalo lifike. Tuma barua pepe usiku uleule: jina lako, namba ya shamba, zao, eka, kilichotokea, tarehe. Ambatanisha picha. Fomu yenyewe, CCC-576, utaisaini baadaye. Kwa ukame ni vigumu kidogo kwa kuwa hauji siku moja; siku unapoona maua ya mbilingani yanadondoka bila kufunga matunda na unajua msimu umeharibika, hiyo ndiyo siku ya kuandika. Na usilime upya wala kung'oa kabla ofisi haijakuruhusu. Ukifyeka mabaki ili upande kitu kingine, umefyeka ushahidi.

Ushahidi wa mavuno ni daftari. Si lazima kompyuta. Kila siku ya kuchuma andika tarehe, zao, vifurushi vingapi, uzito wa kifurushi kimoja, umeuza wapi na kwa pesa ngapi. Kwa mfano: "Julai 18, lengalenga, vifurushi 40, pauni moja kila kimoja, soko la Jumamosi, dola 120." Pima uzito kwa mizani walau mara kadhaa kwa msimu, kwa sababu kifurushi cha Juni si kifurushi cha Agosti. Kilichoandikwa siku yenyewe kina nguvu ofisini. Kilichokumbukwa Desemba hakina. Wateja wa kanisani wanaolipa taslimu nao waandikwe, na mapato hayo yaingie kwenye fomu ya kodi ya shamba, ile Schedule F. Najua wengi wanaona ni afadhali pesa hizo ndogo zisionekane. Lakini shamba lisiloonekana kwenye kodi haliwezi kuonekana kwenye msaada, wala halitaweza kununua bima ya Micro Farm, iliyoanza msimu wa 2022 kwa ajili ya mashamba madogo ya namna yako, inayolinda mapato ya shamba lote badala ya zao mojamoja.

Ili haya yote yawezekane unahitaji kwanza namba ya shamba kutoka FSA. Nenda wakati wa baridi, kuna nafasi zaidi. Beba kitambulisho, namba ya hifadhi ya jamii, kadi yako ya kijani, mkataba wa kukodi wenye saini, na taarifa za akaunti ya benki. Watakupa fomu kadhaa: ya taarifa zako, ya kipato, ya kulinda ardhi inayomomonyoka na maeneo oevu, ya nani anafanya kazi gani shambani. Zijaze zote siku hiyo au chukua miadi ya pili. Kwa kadi ya kijani, upande wa ukaaji hauna kizuizi katika programu hizi nilizozitaja. Ndugu zako waliofika karibuni ambao bado hawana kadi wasijikatie tamaa. NAP, kwa mfano, ina nafasi kwa mtu ambaye ardhi, mtaji na jasho la shamba ni vyake mwenyewe. Waende waulize.

Kuhusu lugha, omba miadi na useme mapema kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Wasipompata, nenda na mtu mzima anayeelewa kilimo. Tafadhali usimpeleke mwanao wa shule ya kati akatafsiri maneno ya bima na ya kisheria. Akikosea kidogo, kosa linabaki kwenye fomu yenye saini yako, na si haki kumtwisha mtoto mzigo huo.

Sasa lile swali lililokuuma zaidi: je, ni kwa sababu ninyi ni wageni? Siwezi kusoma moyo wa aliyekuhudumia dirishani. Kwa uliyoeleza, jibu la "hauko kwenye programu" lingetolewa pia kwa mzungu wa eka 3 asiye na namba ya shamba. Lakini swali lako lina historia nzito nyuma yake, na sitaki ulione kama wasiwasi wa bure. Wakulima Weusi wa Marekani waliishtaki Wizara hii mwaka 1997 kwa ubaguzi katika mikopo na misaada iliyopitia ofisi za kaunti. Kesi hiyo, Pigford, iliishia kwa makubaliano mwaka 1999 na malipo ya zaidi ya dola bilioni moja. Mwaka 2010 Bunge likaidhinisha bilioni 1.15 nyingine kwa waliokuwa wameachwa nje. Uamuzi mwingi uliolalamikiwa ulifanyika mezani pa watu wa kaunti hiyohiyo, wanaojuana na waliojua nani apewe.

Hata kulipa bila kuuliza hasara kumewahi kutokea. Katika programu ya mifugo ya 2002 na 2003, kilichotakiwa ni kuwa na mifugo katika kaunti iliyotangazwa maafa. Hata kaunti za mashariki mwa Texas zilizoangukiwa na mabaki ya chombo cha anga za juu Columbia, Februari 1, 2003, zilihesabiwa, na wafugaji ambao ng'ombe wao hawakuguswa na chochote walilipwa. Nakueleza hili ili ukiombwa karatasi ya tano kwa ajili ya dola 660, ujue kwamba hasira yako ina msingi, kisha uilete hiyo karatasi ya tano.

Na kuna jambo ambalo wahamiaji wachache wanalijua. Kila eneo lina kamati ya wakulima ya watu 3 hadi 11, wanaochaguliwa na wakulima wenzao kwa kipindi cha miaka 3. Ndiyo inayosikiliza malalamiko ya kaunti na kuamua mambo mengi ya programu hizi. Kura hutumwa kwa posta Novemba na kurudishwa mwanzoni mwa Desemba. Ukishaandikishwa na kushiriki programu, unaruhusiwa kupiga kura, na unaruhusiwa kugombea. Katika kaunti ya vijijini wapiga kura ni wachache mno. Familia chache za Kikongo na Kirundi zinazolima zikijiandikisha na kupiga kura, kamati itazijua.

Mwisho, kila ukienda ofisini toka na risiti ya huduma. Sheria ya kilimo ya 2014 inawataka wakuandikie: umefika tarehe gani, uliomba nini, umejibiwa nini. Ile safari yako ya kwanza haina alama yoyote kwa sababu hukupewa karatasi hiyo. Ukiomba kitu ukakataliwa, dai uamuzi kwa maandishi. Barua ya kukataliwa ndiyo inayoanzisha siku 30 za kukata rufaa: kwa kamati ya kaunti, kwa upatanishi, au kwa kitengo cha rufaa cha Wizara ambacho hakiko chini ya ofisi iliyokukatalia. Kwa mbuzi wako, kama watasema kaunti ilifikia kiwango lakini wewe hufai, usiondoke bila barua hiyo.